Dhamiri na Desturi ya Amani

Masomo ya mwezi huu: Mika 4:1–4, Matendo 24:10–16, Warumi 2:14–16

Amani ya nchi haiji kwa amri ya serikali peke yake, wala haidumu kwa hofu ya bunduki. Penye hofu watu hunyamaza, lakini kunyamaza si amani. Amani ya kweli ni desturi. Nayo, kama desturi zote, hufundishwa polepole hata watu wakaizoea. Mwalimu wake wa kwanza ni dhamiri, yaani shahidi yule aliyemo moyoni, ambaye humshitaki mtu au humtetea. Mtume Paulo, aliposimama mbele ya liwali Feliki, alishuhudia ya kuwa dhamiri safi si kitu cha kuzaliwa nacho tu, bali ni kazi ya kujizoeza siku zote, mbele za Mungu na mbele za watu pia.

Na tuutazame mfano mmoja wa kweli, katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Mji huo si mgeni kwetu, maana ndiko walikotumwa wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893.

1. Mbegu ndogo

Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi ya Ujerumani iligawanyika. Upande wa mashariki ulitawaliwa na chama cha Kikomunisti kwa muda wa miaka arobaini. Mwaka 1962 serikali ile iliamuru vijana wanaume waingie jeshini. Wako waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao. Mwaka 1964 wakaruhusiwa kutumika jeshini bila silaha, katika kazi za ujenzi, nao wakavaa alama ya sepeto mabegani. Ruhusa hiyo haikuwa bure: wengi wao walinyimwa baadaye nafasi ya kusoma katika vyuo vikuu.

Tena mwaka 1980 makanisa yalianza kutenga siku kumi za kuombea amani kila mwezi wa Novemba. Vijana wakapewa kipande cha kitambaa chenye picha ya mtu afuaye upanga uwe jembe, kwa neno la nabii Mika. Serikali ikakichukia kitambaa hicho, nao polisi wakawalazimisha vijana kukitoa katika nguo zao. Wengine walikikata, wakaliacha tundu lionekane, na tundu lenyewe likawa ushuhuda.

Mwaka 1982 yalianza maombi ya amani kila Jumatatu jioni katika kanisa la Nikolai, katikati ya mji wa Leipzig. Mchungaji wake alikuwa Christian Führer. Jioni nyingine walikuja watu wachache tu, lakini mlango haukufungwa. Hapo twaona jinsi desturi inavyojengwa: si kwa wingi wa watu, bali kwa kurudi tena Jumatatu ifuatayo.

2. Jioni ya tarehe 9 Oktoba 1989

Mwaka 1989 uchungu wa watu ulizidi. Uchaguzi wa mwezi wa Mei ulikuwa wa udanganyifu, na maelfu ya watu walikuwa wakiikimbia nchi. Waliobaki wakaanza kuandamana baada ya maombi ya Jumatatu. Tarehe 7 Oktoba wengi walipigwa na polisi na kukamatwa. Gazeti la mji lilikuwa limekwisha kuchapisha barua yenye kutisha, kwamba silaha zaweza kutumiwa. Watu walikumbuka pia damu iliyomwagwa Beijing mwezi wa Juni mwaka ule ule.

Ilipofika Jumatatu, tarehe 9, mamia ya wafuasi wa chama walitumwa waende wakaketi mapema katika kanisa la Nikolai. Hawakufukuzwa. Wakaketi, wakasikia neno la Mungu na maombi kama watu wengine. Katika makanisa ya mji likasomwa tangazo la watu sita, mmoja wao Kurt Masur, mkuu wa wapiga muziki. Na watatu miongoni mwa hao sita walikuwa viongozi wa chama chenyewe. Waliwasihi watu wote watulie, wasemezane.

Kisha watu wapata 70,000 wakapita barabarani, wakipaza sauti kwamba pasiwe na jeuri. Wengi walichukua mishumaa. Mchungaji Führer alizoea kueleza maana yake: mtu achukuaye mshumaa nje hutumia mikono miwili, mmoja wa kuushika na mmoja wa kuukinga na upepo, basi hana mkono wa kushika jiwe. Askari walikuwako tayari kwa maelfu, lakini hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

3. Tujifunze nini?

Kwanza, dhamiri si ukaidi. Wapiganao vita nao husema, Moyo wangu wanituma. Mwaka 1521 Martin Luther alipoulizwa mjini Worms, hakusema kwamba dhamiri yake ni huru kutenda ipendavyo, bali kwamba imefungwa na Neno la Mungu. Dhamiri isiyofundishwa yaweza kupotea, kama dira iliyowekwa karibu na chuma. Basi tuipime hivi: je, yaanza kunihukumu mimi kabla ya kumhukumu jirani? Je, niko tayari kulipa gharama mimi mwenyewe, au nataka mwingine ailipe?

Pili, adui naye ana dhamiri. Kama wale waliotumwa kanisani wangalifukuzwa, wangalitoka na hasira tu. Walipoachiwa nafasi ya kuketi, walipata kujionea kwamba watu waliotajwa kuwa waharibifu walikuwa wakisali. Mwenye kutaka amani haiui dhamiri ya adui yake kwa matukano. Huiachia mlango wazi.

Tatu, ujasiri wa siku moja hutoka katika mazoea ya miaka mingi. Watu wa Leipzig hawakujifunza upole jioni ile ya hatari. Sisi nasi tusingoje vita ndipo tuanze. Mpaka wa shamba ukigombaniwa, ushahidi ukitakiwa barazani, uvumi juu ya kabila jingine ukiletwa nyumbani, hapo ndipo dhamiri inapozoezwa. Atoaye ushahidi wa kweli juu ya ndugu yake mwenyewe amejenga amani. Akataaye kuupeleka uvumi mbele ameuzima moto ungali cheche.

Waalimu wapendwa, haya wafundisheni watoto mapema, nanyi wazee wa sharika waonyesheni njia.

Maswali ya kuulizana:

1. Kunyamaza kwa hofu na kukaa kwa amani vyatofautianaje?
2. Twawezaje kujua kama dhamiri yetu imefundishwa na Neno, au na hasira?
3. Katika usharika wetu ni ugomvi gani uliozoeleka, na ni nani atakayeanza kuketi na mwenzake?