TUMKATE NDEGE MABAWA AU TUFUNGE DIRISHA?

Likizo iliyopita kaka yangu alimshika kasuku wetu mdogo, yule wa kijani mwenye kichwa cha manjano, akachukua makasi na kumkata manyoya ya bawa moja. Ndivyo mama huwafanyia kuku wanaoruka ua na kula sukuma wiki ya jirani. Jioni ndege akajirusha kutoka juu ya kabati. Alizunguka kama pia, akaanguka sakafuni kwa kifua, damu ikamtoka. Alipona, lakini kwa taabu. Je, kosa lilikuwa wapi?

Kuku ni mzito na maisha yake ni chini. Akikatwa bawa moja hukosa mizani, hawezi kuruka ua, basi. Kasuku huyu, ambaye asili yake ni Australia, ana uzani wa gramu 30 hadi 40 tu, na kuruka ndiyo miguu yake. Akipunguzwa, ni mabawa yote mawili, sawasawa, ili ateremke polepole.

Yanayopunguzwa ni manyoya marefu ya nchani mwa bawa. Unyoya uliokomaa ni kama ukucha, haumi ukikatwa. Unyoya mchanga una damu ndani, na shina lake ni jeusi. Ukikata huo damu hutiririka, na ndege mdogo hivyo hana damu ya kumwaga. Kazi hii mwachie daktari wa mifugo. Tena kinda asikatwe kabla hajajua kuruka na kutua.

Je, aliyekatwa yu salama? La, hasha! Upepo ukivuma aweza kupeperushwa hadi nje, na huko hawezi kumkimbia paka. Isitoshe, manyoya humea tena.

Asiyekatwa naye ana maadui: kioo cha dirisha, feni, na sufuria inayochemka. Kabla ya kufungua kizimba, funga mlango na madirisha, shusha pazia, zima feni, mtoe paka. Hiyo ni kazi ya dakika mbili tu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi nyumbani tumeongeza: usipofunga dirisha utamwita ndege mtini. Makasi siku hizi ni ya kushonea tu.

Maswali
1. Kwa nini kuku hukatwa bawa moja, na kasuku mawili?
2. Unyoya mchanga utautambuaje?
3. Taja hatari tatu zilizomo nyumbani kwenu.