Fedha Uliyokata si Yako

Tuseme unaendesha kazi ya ujenzi hapa Tanzania. Mwashi wako unamlipa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kabla hujampa mshahara, fanya hesabu hii kwa viwango vya mwaka 2024.

Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hudai asilimia 20 ya mshahara. Mwashi akichangia asilimia 10, unamkata shilingi 40,000. Nawe unaongeza 40,000 zako.

Zinabaki 360,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. Zilizozidi ni 90,000. Kodi yake ni asilimia 8, yaani shilingi 7,200. Mwashi anapokea shilingi 352,800.

Fundi wa rangi ni tofauti. Yeye si mwajiriwa wako. Ana biashara yake. Mmepatana ufundi tu, shilingi 100,000. Mkate kodi ya zuio asilimia 5, yaani shilingi 5,000. Mpe hati ya makato hayo.

Sasa umeshika shilingi 52,200 za watu. Saruji imekwisha, na fedha hizo ziko karibu. Usiziguse! Mwashi akizeeka atakwenda kudai haki yake. Asipokuta michango yake, atakula nini?

Andika makato daftarini siku hiyo hiyo. Peleka kodi katika siku 7 baada ya mwezi kwisha. Peleka na michango. Tunza stakabadhi.

Maswali
1. Kwa nini fedha iliyokatwa si mali ya mwajiri?
2. Mwashi wa mshahara wa shilingi 300,000 akichangia asilimia 10, atakatwa kodi?