Maji yanaingia kwa usukani: tuokoe boti na mahindi yetu

Ndugu wanamemba, tumezungumza mara nyingi juu ya kukausha mahindi na kuchunga depo. Leo tunaingia ndani ya boti, kwa maana kwa sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika, boti njo barabara yetu. Mahindi yaliyokaushwa vizuri, mpaka unyevu wa 13 kwa mia, yanaweza kuharibika kwa usiku mmoja wa safari.

Tuliona hilo msimu uliopita. Koperative moja ilipakia mahindi kwenda Kalemie ndani ya boti ya mbao yenye moteri ya ndani. Nyuma, kwa usukani, maji yalikuwa yanaingia polepole. Wote walijua. Kapita alisema: "Si kitu, kijana iko na kopo, atachota." Usiku kijana akalala. Asubuhi mifuko 6 ya chini ilikuwa imelowa, na mnunuzi akaikataa. Mahindi yaliyolowa huota kuvu, na kuvu nyingine huacha sumu ambayo hata kupika hakuiondoi. Mama mmoja, mwenye mifuko 2 kati ya ile, akauliza: "Basi nani atanilipa?" Hakuna aliyejibu.

Tufanye hesabu. Bidon moja ya litre 20 kwa saa inaonekana kidogo. Kwa saa 10 ni litre 200, maana yake kilo 200: kama mifuko 2 mikubwa imewekwa nyuma bila mtu kujua. Nyuma ikishuka, tundu linaingia chini zaidi na maji yanaongezeka. Na kiangazi, upepo wa kusini ukivuma kwa nguvu, boti iliyojaa maji haitii usukani.

Maji yanapita wapi?

Chuma cha usukani kinapita ndani ya bomba lililofungwa kwa ubao wa chini. Juu ya bomba kuna kikombe chenye kamba ya pamba yenye grese, na pete inayoikandamiza kwa ekru mbili. Mafundi wanaita presetupe. Kabla ya kununua kitu, tujue ugonjwa. Pangusa pote kwa kitambaa mpaka pakauke, nyunyiza majivu, kiisha mtu mmoja azungushe usukani na mwingine aangalie kwa tochi.

1. Majivu yanalowa juu, kando ya chuma: kamba imechoka.
2. Yanalowa chini, bomba linapokutana na ubao, hata usukani ukitulia: bulo zimelegea ao ubao umeoza.
3. Yanalowa kati ya mbao: ni kazi ya kukalafati, bomba halina kosa.

Kama ni kamba

Anza na kle. Kaza ekru mbili kidogo kidogo, robo ya mzunguko kila moja, zilingane. Ukikaza upande mmoja, pete inainama na kukwaruza chuma. Usukani lazima uendelee kuzunguka bila kulazimisha. Presetupe ya usukani inaweza kukauka kabisa. Ile ya chuma cha elisi inatofautiana: inapaswa kudondosha matone kidogo moteri ikizunguka, ao itawaka moto.

Kama maji hayakomi, vuta boti ufukoni. Usitoe kamba boti ikiwa majini, maji yataingia kwa nguvu. Fungua pete, toa kamba yote ya zamani kwa waya uliokunjwa. Nunua kamba ya unene ule ule. Izungushe kwa kijiti chenye unene wa chuma, kata vipande 3 ao 4, kila kimoja duara kamili, si kuizungusha kama springi. Paka grese. Ingiza kimoja kimoja, na maungio yasikae mstari mmoja. Kaza kwa vidole, rudisha boti majini, kiisha maliza kwa kle.

Shika pia chuma na ukitikise. Kama kinacheza, ao kimelika na kuwa na mifereji, kamba mpya itakufa upesi. Hapo ni kazi ya fundi wa chuma.

Kama ni chini ya bomba

Toa bulo, kwangua uchafu, choma ubao kwa ncha ya kisu. Kikiingia kwa urahisi, ubao umeoza: badilisha. Ukiwa mgumu, weka pamba iliyolowekwa gudron kati ya chuma na ubao, kiisha kaza sawasawa. Kupaka gudron juu tu ni kuficha kidonda.

Kazi ya kila safari

Kapita aangalie nyuma kabla ya kupakia, aandike ndani ya kaye. Mifuko ilale juu ya mbao zilizoinuliwa, si juu ya sakafu ya boti, na bashi iwe chini na juu. Kamba na grese zinunuliwe kwa kese ya koperative mbele ya msimu. Bei yake haifikii hasara ya mifuko 6.

Maswali kwa mkutano

- Nani kati yetu anaangalia usukani wa boti yetu, na mara ya mwisho ilikuwa lini?
- Mahindi ya mwanamemba yakilowa ndani ya boti ya wote, nani analipa?

Swali la pili mulijibu sasa, boti ikiwa kavu.