Kura ya Mtaani Si Kura Ndogo

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa zetu tumeulizwa mara nyingi swali hili: kura ya Rais faida yake twaijua, lakini kura ya mchujo na kura ya mwakilishi wa wadi zina faida gani hata mtu aache kazi yake akasimame juani? Swali hili ni la haki, na yatupasa tulijibu kwa hoja.

Hoja ya kwanza ni kujua nani ameshika mambo ya mlangoni petu. Natutwae mfano wa Mashimoni, mtaa mmoja katika mitaa ya Kibera, Nairobi. Yanayomsumbua mkaazi wa huko ni maji ya kununua kwa madumu, mitaro iliyoziba, taka zisizozolewa, njia zisizopitika mvua inyeshapo, na moto uteketezao nyumba za mabati kabla ya gari la zimamoto kuwasili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeyaweka mambo hayo mikononi mwa serikali za kaunti, pamoja na zahanati, shule za chekechea na hata makaburi. Tena imeamuru kaunti zote 47 zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wenye kuipitisha bajeti ya kaunti, na wenye haki ya kuwahoji wanaoitumia, ni wawakilishi wa wadi. Wadi za Kenya ni 1,450. Za Nairobi ni 85, na jimbo la Kibra lina 5. Basi mwenye kujali karatasi ya Rais peke yake, na zile nyingine tano akazitia sandukuni bila ya kufikiri, amewaachia wengine wamchagulie msimamizi wa maji yake na njia yake.

Hoja ya pili ni kwamba mara nyingi jambo huamuliwa kabla ya siku ya uchaguzi. Tangu jimbo la Kibra lianze kupiga kura mwaka 2013, kiti cha ubunge kimekwenda kwa chama kimoja, ODM: mwaka 2013, mwaka 2017, katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2019, na mwaka 2022. Hatusemi haya kukisifu chama wala kukilaumu. Twasema kwamba mahali palipo hivyo, apataye tikiti ya chama huwa karibu ameshapata kiti. Na asiyeshughulika na mchujo hukuta chakula kimeshapakuliwa. Wazee watakumbuka mlolongo wa mwaka 1988, watu walipopanga safu nyuma ya wagombea wa KANU. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita, wala kura ya siri haikupigwa tena katika kiti chake. Aliyengoja siku kubwa, siku hiyo haikumfikia.

Wala sisi Waislamu si wageni wa jambo hili. Sayyidna Umar alipokaribia kufa aliwataja watu sita ili mmoja wao achaguliwe, na Abdurrahman bin Auf akawazungukia watu wa Madina akiwauliza rai zao kabla ya Sayyidna Uthman kupewa baia. Shauri lilitakwa mapema, wakati ambapo lingali lafaa.

Hoja ya tatu yawajibu wasemao, "Kura yangu moja itafanya nini?" Januari 1961, huko Zanzibar, viti vilivyogombewa vilikuwa 22. ASP ilipata 10, ZNP 9, na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake, Pemba, ASP ilikipata kwa kura moja tu. Wajumbe wa ZPPP walipogawanyika, pande mbili zikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni mwaka ule ule, na katika fujo zilizotokea watu 68 waliuawa. Hatudai kwamba kura moja ndiyo iliyozileta fujo zile. Lakini lau wawili tu wa upande wa pili waliokaa majumbani Chake Chake wangalitoka, hesabu ya nchi nzima ingalikuwa nyingine. Na wadi ina watu wachache kuliko jimbo. Basi kila kura ya wadi ina uzito zaidi.

Wako wasemao kwamba siasa ni uchafu, na mcha Mungu hujitenga nayo. Twawauliza: je, uchafu wa mtaro huondoka kwa kuupa mgongo? Na wako wauzao kura zao. Natufanye hesabu. Mtu akipokea shilingi 500 kwa miaka mitano, ambayo ni siku 1,826, hazimfikii senti 30 kwa siku; naye kwa senti hizo amekwisha kuuza haki ya kuuliza kwa nini bomba halitoi maji. Hayo ni kando ya kuwa rushwa ni haramu kwa mtoaji na kwa mpokeaji pia.

Basi lipi la kufanya? Kwanza, kila aliyefika miaka 18 ashughulikie kitambulisho chake na ajiandikishe kupiga kura, asingoje siku za mwisho. Pili, ajue kwamba kwa sheria ya vyama iliyorekebishwa mwaka 2022, mchujo ni wa wanachama walioandikwa. Basi mwenye chama na atazame kama jina lake limo katika daftari. Tatu, wagombea waulizwe mbele ya watu: mtaro huu utauzibua vipi, na kwa fedha zipi? Nne, aliyechaguliwa afuatwe kwa maswali miaka yote mitano.

Kura ni ushahidi: mwenye kuitoa ashuhudia kwamba fulani afaa kuaminiwa mali ya watu. Shahidi haitwi siku kubwa tu. Huitwa kila penye haki ya mtu, hata ikiwa haki hiyo ni dumu moja la maji. Wabillahi tawfiq.