Korongo Weupe wa Kanada

Somo la 27

1. Pahali wanapozalia. Kaskazini ya nchi ya Kanada kuna mwitu mkubwa sana. Miti mingi ya huko ni misonobari, yenye majani membamba kama sindano. Katikati ya mwitu kuna mabwawa mengi yasiyo na kina. Wakati wa baridi maji huganda, yakawa barafu ngumu kama jiwe. Mwaka 1922 serikali ilitenga sehemu ya mwitu ule, kusudi nyati wa huko wasiishe. Jina lake ni Wood Buffalo. Ni kubwa kuliko nchi yote ya Ubelgiji.

2. Ndege mwenyewe. Katika mashariki ya Kongo yuko korongo mwenye taji la manyoya ya rangi ya dhahabu. Korongo mweupe wa Kanada ni wa jamaa yake. Akisimama, kimo chake ni metre moja na nusu. Mwili wake ni mweupe, utosi wake ni mwekundu. Ncha za mabawa yake ni nyeusi, nazo huonekana vizuri anaporuka. Kilio chake husikiwa toka mbali.

Dume na jike hujenga kiota cha matete ndani ya maji, hata mbweha asiwafikie kwa urahisi. Jike hutaga mayai mawili, nao huyaatamia kwa zamu karibu siku 30. Lakini mara nyingi kinda mmoja tu hukua.

3. Safari yao. Baridi inapokaribia, korongo huondoka. Husafiri karibu kilometre 4.000 mpaka Aransas, katika pwani ya Texas, nchi ya Marekani. Kinda hufuatana na baba na mama yake, na hivyo hujifunza njia. Baridi ikipungua, wanarudi Kanada.

4. Hatari. Zamani korongo hawa walikuwa wengi kuliko leo. Watu waliwapiga kwa bunduki, tena walikausha mabwawa ili walime. Mwaka 1941 waliobaki hawakupita 22. Kule Aransas walikuwa wamekwisha kupewa ulinzi tangu 1937. Lakini walinzi hawakujua wanazalia wapi. Nani aweza kulinda kiota asichokijua? Bwana Robert Porter Allen, mtaalamu wa ndege, alizunguka kwa eropleni juu ya kaskazini ya Kanada, asivione viota.

Mwezi wa sita, mwaka 1954, watu wawili walikuwa katika helikopta, wakitoka kwenye moto wa mwitu. Walipotazama chini waliona ndege wakubwa weupe pamoja na kinda wao. Walikuwa ndani ya Wood Buffalo! Mwaka 1955 Bwana Allen mwenyewe alifika katika mabwawa yale baada ya taabu nyingi.

5. Kutazama na kuhesabu. Tangu hapo watu huhesabu viota toka juu. Wakati wa baridi huwahesabu tena korongo kule Texas. Huko wageni huwatazama toka ndani ya mashua, kwa darubini. Hawawasogelei sana, kwa sababu ndege aliyetishwa huacha chakula chake, au mayai yake. Idadi iliongezeka polepole. Siku hizi korongo wanaosafiri kati ya Kanada na Texas ni zaidi ya 500.

Mtoto anayetaka kuwajua ndege wa bwawa la kwao afanye vile vile: anyamaze, akae mbali, atazame, ahesabu, aandike. Mayai asiyaguse.

Maulizo
1. Kwa nini korongo hujenga kiota ndani ya maji?
2. Kinda hujifunzaje njia ya kwenda Texas?
3. Mambo gani mawili yalipunguza korongo hawa?
4. Kwa nini ilifaa kujua pahali wanapozalia?
5. Taja ndege watatu wa bwawa la kwenu. Wanakula nini?