Namna ya Kukusanya Nyimbo za Pwani katika Santuri, Sidii na Faili

Kabla ya kununua santuri ya kwanza, nunua daftari. Nasema hivi kwa sababu, katika miaka niliyoitumia kukusanya nyimbo za taarabu za Unguja, Mombasa na Lamu, nimekuta nyimbo nyingi ambazo sauti zake ziko nzima ilhali zenyewe zimepotea: zimo katika kaseti, zimo katika simu za watu, zasikika arusini kila mwezi, walakini hapana ajuaye ni nani aliyeimba, nani aliyetunga shairi, nani aliyepiga fidla, wala ziliimbwa katika mji gani na zama gani. Wimbo wa namna hiyo ni kama hadithi isiyo na isnadi, yaani isiyo na majina ya walioipokezana, ambayo yaweza kuwa njema na ya kweli, lakini mwenye elimu hathubutu kuitegemea. Basi kazi ya mkusanyaji, kwa rai yangu, ni kuihifadhi sauti pamoja na isnadi yake, na yote nitakayoyaeleza hapa juu ya sindano, maji, makabati na kompyuta ni ya kuitumikia kazi hiyo moja.

Jambo la pili ni kujiwekea mipaka. Mtu asiyejua anatafuta nini hununua kila anachoonyeshwa, na baada ya muda huwa na shehena tu. Mimi nimejifunga na taarabu ya pwani tangu mwanzo wa santuri hadi mwisho wa zama za kaseti, na mpaka huo umenitosha, kwa kuwa ndani yake zimo karibu zama zote za ufundi wa kunasa sauti. Mwaka 1928 mwimbaji wa Unguja Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kwenda kuimba mbele ya mashine za kampuni ya HMV, na haikupita miaka mingi makampuni ya Odeon na Columbia nayo yakaja pwani kurekodi kwa ajili ya soko lile lile. Katika miaka ya sitini na sabini, duka la Assanand & Sons la Mombasa likatoa sahani ndogo kwa jina la Mzuri, zikiwa na sauti za akina Yaseen na Matano Juma; kisha zikaja kaseti, ambazo maduka kama Mbwana Radio Service yalizisambaza mji mzima; na mwishoni mwa miaka ya themanini GlobeStyle ya Uingereza ikaanza kutoa muziki wa vyama vya taarabu vya Unguja, Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, katika LP na sidii. Kwa hiyo mkusanyaji wa nyimbo za huku hana budi kuvijua vyombo vyote, maana kila zama iliweka amana yake katika chombo chake.

Santuri za kale, zile za mizunguko 78 kwa dakika, ndizo nizipendazo kuliko zote na ndizo zitakazo hadhari kubwa zaidi. Hazikutengenezwa kwa plastiki, bali kwa ulimbo utolewao na wadudu katika miti ya Bara Hindi, wa jamii ya lakiri waliyotilia watu muhuri barua zao, uliochanganywa na unga wa mawe. Ndiyo maana ni nzito mkononi na zikianguka huvunjika vipande. Atakapokuonyesha mtu santuri ya namna hiyo, ishike kwa kingo, uiegemeze mbele ya taa ili nuru iipitie kwa upande, na hapo utaona mikwaruzo ambayo nuru ya juu huificha. Kisha pitisha ukucha wako ukingoni kote, polepole, kwa kuwa ufa mwembamba usioonekana kwa jicho huhisiwa na ukucha, na ufa uanziao ukingoni haukomi, utaendelea kuingia ndani kila sahani ipatapo joto na baridi. Mikwaruzo naivumilia, ufa huniongoza kuinakili sauti ile mapema na kutoipiga tena.

Kuosha ni kazi nyepesi maadamu mtu anajua sababu zake. Ulimbo ule ndio mafundi seremala wauyeyushao kwa spiriti wapate kupaka samani zao zing'are, na kwa hiyo spiriti ikimwagika juu ya santuri ya 78 huyeyusha mifereji yenyewe pamoja na sauti iliyomo. Tumia maji yaliyosafishwa, yale yauzwayo kwa ajili ya betri za magari pindi yakiwa maji matupu yasiyotiwa asidi, pamoja na tone la sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko wa mifereji, usiilowanishe lebo ya katikati, kisha suuza na uisimamishe ikauke kivulini. Sahani za plastiki, yaani LP zilizoanza mwaka 1948 na zile ndogo za mizunguko 45 zilizofuata mwaka 1949, hustahimili zaidi, lakini nazo huharibiwa na jua kwa haraka ya kusikitisha, hata kuiacha moja ndani ya gari adhuhuri ya Mombasa yatosha kuipinda isiwe na faida tena.

Zote huwekwa wima, kama vitabu rafuni, wala hazilazwi zikalaliana, kwa kuwa uzito wa za juu huzipinda au kuzivunja za chini. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na wakati wa masika ukungu huota katika bahasha za karatasi kuukuu na kuhamia katika mifereji. Basi mimi huziondoa santuri katika bahasha zile na kuzitia katika karatasi mpya safi, na ndani ya kabati huweka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu viingiavyo katika masanduku ya viatu, ambavyo watu huvitupa. Bahasha kuukuu, hata hivyo, sizitupi abadan. Juu yake aghalabu pana muhuri wa duka lililouza, pengine na jina la mtaa, na mara nyingine mkono wa mwenye santuri umeandika jina lake kwa wino. Hayo yote ni sehemu ya isnadi. Mimi huikausha bahasha, nikaifuta ukungu, nikaiweka katika jalada lake peke yake pamoja na namba ya santuri iliyokuwa ndani.

Juu ya chombo cha kupigia nitasema machache. Gramafoni ya kutia ufunguo ni pambo zuri la nyumba, lakini mkono wake hukandamiza sahani kwa uzito upitao gramu 100, na sindano zake za chuma zilikusudiwa kubadilishwa kila upande mmoja umalizikapo. Mwenye santuri adimu asiipige humo. Tafuta kinanda cha santuri cha umeme chenye mwendo wa 78, nacho ukipe sindano yake maalumu, kwa kuwa mifereji ya santuri za kale ni mipana na ncha iifaayo huwa takriban mara tatu ya ile ya LP. Ukitumia ya LP, itazama hadi chini ya mfereji palipokaa vumbi la miaka themanini, nawe utasikia mvumo mwingi na wimbo kidogo, ukadhani santuri imekufa nayo i hai. Jua pia kwamba si kila sahani ya 78 iliimbwa kwa mwendo wa 78 kamili. Sauti ya mwimbaji ikiwa nyembamba kupita tabia ya binadamu, punguza mwendo mpaka ikae mahali pake, na uandike daftarini ulipunguza kiasi gani.

Nifikapo katika kuzipata santuri ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupita mbio. Dalali wa mnadani anaweza kukuuzia santuri, na siku hizi zipo nyingi zinazouzwa kwa njia ya intaneti kwa bei ambayo mtu wa Kibokoni, Mombasa, haiwezi, lakini dalali hakuuzii habari. Habari zimo majumbani. Wakati mmoja niliingia katika nyumba ya mama mmoja mtu mzima, Mji wa Kale, niliyepelekwa na mjukuu wake. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaniitikia, akanikaribisha kahawa, na hatukuzungumza neno la santuri mpaka vikombe vilipoondolewa. Ndipo akafungua kasha, akatoa rundo dogo lililofungwa katika kanga iliyochujuka, akalifungua fundo kwa meno, akaniwekea sahani moja moja mapajani huku akiitaja kila moja kabla sijasoma lebo. Ya tatu aliishika zaidi. "Hii wameandika jina la mwenye kundi peke yake," akasema, "lakini fidla ni ya jirani yetu, na mwanamke aitikiaye nyuma ni shoga yangu, mumewe hakutaka jina lake liandikwe." Nikaomba idhini ya kuandika, akasema, "Andika, mwanangu, sote tu njiani."

Lebo za zama zile ndivyo zilivyo: husema "Yaseen & Party" na kunyamaza, na neno hilo la mwisho huwaficha wapiga udi, wapiga tashkota, wapiga tabla na waitikiaji, ambao bila ya watu kama bibi yule hawatajulikana hata siku moja. Kwa hiyo usiende nyumba ya mtu na fedha mkononi na haraka miguuni. Nenda na mtu anayejulikana, keti, sikiliza, na mwenye nyumba asipotaka kuuza, omba kuinakili sauti na kuipiga picha lebo, kisha umrudishie santuri yake ikiwa safi pamoja na nakala anayoweza kuisikiliza. Mimi nina nyimbo nyingi nzuri ambazo sahani zake haziko kwangu, nazo nazihesabu kuwa zimo katika mkusanyo wangu sawasawa na zile nilizonunua.

Sidii watu wameanza kuidharau, nami nafurahi, maana sasa hupatikana kwa bei rahisi. Thamani yake kubwa kwa mkusanyaji wa taarabu imo katika kijitabu chake: mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na Buda Musique ya Ufaransa kuanzia mwaka 2005, mathalani, hueleza waimbaji na vyama kwa upana ambao lebo ya santuri haikuweza kuubeba, basi usinunue sidii iliyopotewa na kijitabu ila kwa dharura. Itazame mbele ya taa, ukiona vitundu vya nuru ujue tabaka linalorudisha mwanga limeanza kuliwa. Watu huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, kumbe upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi, kwa sababu tabaka lile limekaa karibu sana na uso huo. Usiandike juu yake kwa kalamu ngumu. Kuifuta, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Na zile sidii zilizochomwa katika studio za mtaani, ambamo zimo arusi na maonyesho yasiyotolewa popote pengine, ziinakili leo hii, kwa kuwa rangi iliyobeba maandishi yake hufifia kwa joto na mwanga, na zikishakataa kusoma hapana fundi wa kuzirudisha.

Katika kompyuta sheria yangu ya kwanza ni kwamba nakala ya asili haisafishwi. Huinakili santuri kwa biti 24 na kilohezi 96, nikaihifadhi kwa WAV au FLAC, pamoja na mvumo na mikwaruzo yake yote. Nikitaka kuipunguza kelele nifurahie kusikiliza, hufanya hivyo katika nakala nyingine. FLAC hupunguza ukubwa wa faili bila kuondoa chochote, ilhali MP3 hutupa sehemu ya sauti isiyorudi tena, hata ukiigeuza kuwa FLAC baadaye. MP3 ni ya simuni na safarini. Nyimbo za kusikiliza mtandaoni bila kuzimiliki sizihesabu, kwa kuwa anayeziweka aweza kuziondoa kesho, na majina yake aghalabu ni ya kubahatisha.

Kila faili huipa jina kwa utaratibu mmoja usiobadilika: mwimbaji, wimbo, kampuni, namba ya lebo, mwaka kama wajulikana, na pale usipojulikana naacha wazi kuliko kukisia. Namba nyingine iliyochongwa katika uwazi baina ya mwisho wa mifereji na lebo naiandika pia, maana ndiyo itambulishayo rekodi yenyewe. Na hapa naomba wenzangu wawe wakali kwa nafsi zao: mtunzi apewe nafasi yake mbali na mwimbaji. Juma Bhalo aliimba mashairi mengi ya jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita, lakini katika simu za watu nyimbo hizo zina jina la mwimbaji tu, na mshairi ametoweka katika kazi yake mwenyewe. Programu za muziki zina nafasi ya mtunzi, ijaze. Pamoja na sauti weka picha ya lebo ya pande zote mbili, na andiko fupi la aliyekupa habari na lini. Nakala ziwe tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine, kwa ndugu au rafiki mwaminifu wa mji mwingine. Kuwa na nakala hakukupi ruhusa ya kuziuza wala kuzitangaza. Warithi wa waimbaji wapo, nao waulizwe.

Asiye na fedha za santuri asisite kuanza. Atafute sidii ya Poetry and Languid Charm iliyotolewa na Topic Records mwaka 2007, ambayo imekusanya santuri za Kiswahili tangu miaka ya ishirini hadi hamsini kutoka hazina ya British Library, na toleo la pili la Zanzibara lenye nyimbo za Mombasa za mwaka 1965 hadi 1975. Asome vijitabu vyake mara mbili, anukuu majina daftarini, kisha aende kwa mzee wa mtaa wake ayasome kwa sauti jina moja moja, naye aandike kila atakachoambiwa.