Nina mashaka, je, mimi ni mnafiki?

SWALI: Nilibatizwa Dar es Salaam katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, sasa nafanya kazi Bariadi. Nimesoma kwamba zamani watu weusi walinyimwa ukuhani. Bado nasali, lakini moyo umeingiwa na mashaka. Je, ni unafiki?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Ulichosoma ni kweli, na kinauma. Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836. Mwaka 1852 Brigham Young, rais wa kanisa wakati huo, akatangaza zuio la watu weusi kupewa ukuhani, lililodumu hadi Juni 1978. Mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo yakizikana nadharia kwamba weusi ni alama ya laana. Basi asikutishe mtu kwamba kuuliza ni kazi ya Shetani.

Unafiki ni kujidai una hakika usiyo nayo. Jumapili ya kufunga na kutoa ushuhuda hulazimiki kusimama. Ukisimama, sema unaloliamini tu. Alma 32, katika Kitabu cha Mormoni, inamruhusu mtu aanze na hamu ya kuamini. Zungumza faragha na kiongozi wa tawi, lakini kama una mwenzi wa ndoa, asikie kwanza kutoka kwako. Na tafadhali, usiamue kubaki wala kuondoka ukiwa na hasira.